Kilo 20 kwa Mwaka Mmoja: Je, Ni Misuli, Mafuta au Dawa?

Mimi ni muuguzi wako wa afya ya jamii, yule yule uliyemzoea. Leo nataka tuzungumze juu ya vijana wetu wa kiume, hasa wale walio vyuoni na wanaopenda michezo ya nguvu. Mama, punguza moto wa jiko kidogo usogee karibu na redio. Baba, tafadhali usibadilishe stesheni. Na wewe kijana unayejitayarisha kwenda jimu, ngoja kwanza. Mazungumzo haya ni yako.

Nianze na kisa. Wenyewe wamenipa ruhusa nikisimulie, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili wasitambulike.

Jumanne moja, siku ambayo kliniki yetu hupima presha, alikuja mama mmoja ninayemfahamu. Alipofika mezani hakuunyosha mkono nimfunge kile kitambaa cha kupimia. Alitoa simu. "Sista," akaniambia, "mtoto wangu ameniletea picha. Hebu mwangalie, uniambie kama huyu ni yeye."

Nilimtazama kijana yule. Nilimjua tangu akiwa shule ya upili, akicheza raga. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mbio. Mwezi wa Agosti alikwenda Marekani kusoma chuoni, na siku ya safari alikuwa na kilo 84. Picha ile ilipigwa Aprili. Shingo ilikuwa imejaa, mabega yamepanuka, na shati limembana kifuani na tumboni. Mama alikuwa amemuuliza uzito wake. Kilo 107. Hizo ni kilo 23 zilizoongezeka kwa miezi minane.

Mama akaniuliza swali ambalo ndilo mada yetu ya leo. Alisema: "Sista, jirani zangu wanasema amenona, Marekani imemkubali. Mimi moyo unakataa. Kuna dawa wanampa huko?"

Kabla sijakuambia nilimjibu nini, acha nikueleze mchezo wenyewe aliojiunga nao, maana wengi wetu hatuujui vizuri.

(Muziki mfupi)

Mpenzi msikilizaji, Wamarekani wana mchezo wanaouita futiboli, lakini si kandanda yetu. Mpira wake una umbo la yai, na wachezaji huvaa kofia ngumu na kinga nene mabegani. Kila upande una wachezaji 11 uwanjani. Wengine kazi yao ni kukimbia na kudaka mpira. Wengine husimama mstari wa mbele, na kazi yao ni kusukumana kifua kwa kifua ili kumkinga mwenzao au kumvamia mpinzani. Hawa wa mstari wa mbele ndio wakubwa kabisa. Katika timu kubwa za vyuo, mchezaji wa mstari huo mwenye ratili 300 ni jambo la kawaida. Ratili 300 ni kama kilo 136. Hiyo ni zaidi ya magunia mawili ya saruji na nusu.

Vyuo huko huchukulia mchezo huu kwa uzito sana. Viwanja vingine hujaza watu zaidi ya 100,000. Mchezaji mzuri hulipiwa masomo, chakula na malazi, na wachache huendelea hadi ligi ya kulipwa. Sisi Wakenya pia tumeuona mlango huo ukifunguka. Mwaka 2013, Mkenya Daniel Adongo aliacha raga akajiunga na Indianapolis Colts ya ligi hiyo ya kulipwa. Kwa hiyo kijana wa kwetu akifika chuoni Marekani, akiwa na kimo na mbio, na kocha akamwambia, "Ongeza kilo 20 nitakupa nafasi," maneno hayo yana uzito. Anamfikiria mama yake. Anafikiria karo. Atajitahidi azipate hizo kilo.

Na si yeye peke yake. Mwaka 2012 shirika la habari la Associated Press lilichunguza rekodi za uzito za zaidi ya wachezaji 61,000 wa timu kubwa za vyuo vya Marekani, kwa muda wa miaka kama kumi. Waligundua kwamba zaidi ya wachezaji 4,700, yaani kama 7 katika kila 100, waliongeza zaidi ya ratili 20 kwa mwaka mmoja. Ratili 20 ni kilo 9. Wengine waliongeza ratili 35, wengine 40, ambazo ni kama kilo 18. Lakini wakati huo huo, vipimo vya mkojo vya kutafuta dawa za kututumua misuli vilikuwa vikiwakamata wachezaji wachache mno.

Sasa usikimbilie kusema kwamba wote hao walitumia dawa. Waandishi wale wenyewe walisema kuongezeka uzito peke yake si ushahidi. Lakini kunatupa sababu ya kuuliza. Na mtu wa kwanza wa kuuliza si polisi wala mwandishi wa habari. Ni mchezaji mwenyewe, ni mzazi wake, na ni mhudumu wa afya.

Mpenzi msikilizaji, kuna jambo moja ambalo ningependa ubaki nalo leo hata ukisahau mengine yote. Misuli ina mwendo wake. Haiharakishwi kwa kelele za kocha wala kwa pesa za mfukoni. Kilo zikija kwa kasi kuliko mwendo huo, basi zimetoka mahali pengine, na ni lazima ujue ni wapi.

(Muziki mfupi)

Basi tuzipange kilo hizo. Mwili wa kijana ukiongezeka uzito, kilo hutoka mahali panne.

Mahali pa kwanza ni misuli yenyewe na kukua kwa kawaida. Kijana wa miaka 18 au 19 bado anakua. Mabega yake bado yanapanuka. Akianza kuinua vyuma kwa mpango mzuri, akila vizuri na kulala vya kutosha, anaweza kuongeza karibu nusu kilo hadi kilo moja ya misuli kwa mwezi katika miezi ya mwanzo. Baadaye kasi hiyo hupungua. Kwa mwaka mzima wa kwanza, akijitahidi sana, atapata kilo tano, sita, pengine nane au tisa. Mwaka wa pili atapata kidogo zaidi ya hapo, lakini si kama mwanzo. Hayo ndiyo mazao ya kweli ya jasho.

Mahali pa pili ni maji. Kuna unga unaoitwa kriatini ambao wachezaji wengi hutumia. Si steroidi, na michezoni haujakatazwa. Huvuta maji ndani ya misuli, na kwa wiki ya kwanza mtu anaweza kuongeza kilo moja au mbili. Lakini hiyo ni wiki ya kwanza tu. Kriatini haiwezi kueleza kilo 20. Na mwenye ugonjwa wa figo asiiguse bila kumwona daktari.

Mahali pa tatu ni mafuta. Na hapa ndipo vijana wengi hudanganyika. Kijana akila mara sita kwa siku, akinywa vinywaji vya sukari na maziwa mazito usiku, mzani utapanda kweli kweli. Nguo zitambana. Marafiki watamwita mnyama. Lakini ukichukua utepe wa fundi cherehani ukampima kiunoni, utaona kiuno nacho kimepanda. Misuli haikai kiunoni, mpenzi msikilizaji. Kiuno kikiongezeka inchi nne au tano, hayo ni mafuta.

Mahali pa nne ni dawa. Dawa hizi huitwa steroidi za kujenga misuli. Zimetengenezwa zifanye kazi kama testosteroni, ile homoni ya kiume ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Hospitalini zina kazi yake. Daktari anaweza kumpa mwanamume ambaye mwili wake umeshindwa kutengeneza homoni hiyo, na kwa kiwango kidogo kinachopimwa. Lakini anayetafuta misuli hutumia kiwango kikubwa mara nyingi zaidi ya hicho, bila daktari, na mara nyingi huchanganya vidonge na sindano.

Tofauti ya hizi nne utaijuaje? Pima uzito, pima kiuno, na utazame kalenda. Uzito ukipanda polepole na kiuno kibaki pale pale, shukuru Mungu, hiyo ni kazi ya mikono yake. Uzito na kiuno vikipanda pamoja, ni mafuta. Na uzito ukipanda kwa kasi sana, kiuno kikibaki chembamba, misuli ikafura kwa wiki chache, hapo ndipo unapotakiwa kuuliza habari ya dawa.

(Muziki mfupi)

Turudi kwa mama yetu. Nilimwambia, "Mama, usimpigie simu ukimshtaki. Ukimshtaki atafunga mdomo, na simu ataizima. Mpigie umuulize maswali matano." Nikamwandikia kwenye karatasi. Na wewe mzazi, chukua kalamu uyaandike.

Swali la kwanza: Unakula nini, na mara ngapi kwa siku?

Swali la pili: Kuna unga, vidonge au sindano unayotumia? Umepewa na nani, na kifuniko kimeandikwa nini?

Swali la tatu: Suruali zako za zamani bado zinakutosha kiunoni?

Swali la nne: Unalala vipi? Wenzako wanasema unakoroma?

Swali la tano: Mara ya mwisho kupimwa presha ilikuwa lini, na ilikuwa ngapi?

Wiki iliyofuata mama alirudi. Kijana alikuwa amejibu yote, na nusu ya majibu hatukuyatarajia. Dawa hakuwa anatumia. Alikuwa anakula. Alipangiwa milo mitano, na usiku wa manane aliamka kula mkate wenye siagi ya njugu na glasi mbili za maziwa mazito. Suruali zilipanda kutoka inchi 32 hadi 40. Chumbani mwenzake alikuwa ameomba kuhama kwa sababu ya kukoroma. Na presha hakuwahi kupimwa tangu Agosti. Mama alimsihi aende kwa daktari wa timu. Alipopimwa ilikuwa 152 kwa 96. Alikuwa na miaka 19.

Nakuambia kisa hiki kwa sababu sote tulikuwa tunaogopa dawa, na kumbe hatari ilikuwa kwenye sahani. Uzito mwingi wa haraka ni mzigo kwa moyo hata usipoletwa na dawa. Madaktari wa Boston, Marekani, walifuatilia wachezaji wapya wa chuo kwa msimu mmoja tu, wakatoa matokeo yao mwaka 2013. Waliona kwamba wale wa mstari wa mbele, wale wakubwa, presha yao ilipanda kuliko ya wenzao, na kuta za moyo zikaanza kunenepa kwa namna isiyo nzuri. Msimu mmoja tu! Na hao ni vijana ambao ukiwaona njiani utasema hakuna mwenye afya kuwashinda.

Hatari nyingine ya mwili mkubwa ni joto. Mwili mzito hutengeneza joto jingi na huchelewa kulitoa. Tarehe 29 Mei 2018, Jordan McNair, kijana wa miaka 19 aliyecheza mstari wa mbele katika Chuo Kikuu cha Maryland, alizidiwa na joto mazoezini. Alifariki tarehe 13 Juni. Hakupozwa kwa maji baridi mapema inavyotakiwa, na chuo kilikubali kwamba kulikuwa na makosa katika kumhudumia. Makocha mnaonisikiliza, wa raga, wa kandanda, wa mchezo wowote, kumbukeni: mchezaji akianza kuyumba, kuongea ovyo au kuanguka katika jua, usimwambie avumilie. Mvue nguo nzito, mtumbukize kwenye maji baridi au mmwagie maji mengi na barafu mwili mzima, na uite msaada. Anza kumpoza hapo hapo, kisha umpeleke hospitali.

Kuhusu kukoroma, usicheke. Shingo ikinenepa, njia ya hewa hubanwa mtu akilala. Pumzi hukatika kwa sekunde kadhaa, kisha hurudi kwa kishindo, na hivyo usiku kucha. Asubuhi kijana anaamka amechoka, anasinzia darasani, na presha inapanda. Kijana anayekoroma namna hiyo apelekwe kwa daktari.

(Muziki mfupi)

Sasa tuje kwetu nyumbani, maana usidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Jimu zimefika hata katika miji yetu midogo. Na pale kwenye jimu kuna kijana anayejua mtu, na mtu huyo ana chupa.

Kijana wa pili nitakayekusimulia alikuja kituoni akitembea upande. Alikuwa mwanafunzi wa chuo hapa hapa nchini, mchezaji wa raga. Hakutaka kukaa kwenye kiti. Nilipomwangalia, tako moja lilikuwa na jipu kubwa kama yai la bata, jekundu na la moto. Homa ilikuwa juu. Nilimuuliza, "Hapa palidungwa nini?" Akasema ni vitamini. Nikafunga mlango, nikakaa, nikamwambia: "Mdogo wangu, mimi si kocha wako wala si polisi. Dawa nitakayokupa inategemea ukweli utakaoniambia." Akainamisha kichwa. Walikuwa vijana watatu. Walichanga pesa wakanunua chupa moja, na sindano ilikuwa moja.

Sindano moja, watu watatu. Mpenzi msikilizaji, baada ya kampeni zote tulizofanya juu ya ukimwi, bado tunafika hapo. Sindano ya kushiriki inapitisha virusi vya HIV, homa ya ini aina ya B na aina ya C. Damu haiulizi kama sindano ilikuwa ya heroini au ya misuli. Tulimpasua jipu, tukampa dawa, na tukampima. Wenzake wawili nao walikuja kupimwa baada ya siku mbili, kwa sababu yeye mwenyewe aliwaambia waje. Kwa hilo nampongeza hadi leo.

Na hata sindano ikiwa safi, dawa yenyewe ina gharama yake. Nitasema waziwazi, na wazazi mnisamehe. Mwili ukiona homoni inatoka nje, huacha kutengeneza yake. Korodani hunywea. Mbegu za kiume hupungua, na wengine hukosa kabisa. Kijana anayetafuta uanaume kwenye chupa anaweza kuja kushindwa kupata mtoto. Matiti huvimba kama ya msichana, na uvimbe huo wakati mwingine hauondoki mpaka upasuaji. Chunusi hujaa mgongoni. Nywele huanza kutoka. Mafuta mabaya katika damu hupanda na yale mazuri hushuka, presha hupanda, na msuli wa moyo hunenepa. Vijana wadogo wameshapata mshtuko wa moyo kwa njia hii. Vidonge huumiza ini. Misuli hukua upesi kuliko kano zinazoishikilia, na kano hukatika. Na yule ambaye bado anarefuka, mifupa yake hufunga mapema, kimo kikaishia hapo.

Kuna na ya akilini. Akiwa anatumia, huwa mkali na mgomvi kwa jambo dogo. Akiacha ghafla, homoni yake bado imelala, basi huingiwa na huzuni nzito. Hataki kula, hataki watu, na wengine hufikiria kujiua. Kwa hiyo ewe kijana uliyekwisha kuanza, usiache peke yako gizani. Nenda kituo cha afya, useme ukweli, upimwe presha, ini, mafuta ya damu na magonjwa niliyoyataja. Siri yako ni siri yetu. Kazi yetu ni kutibu.

Na kama wewe ni mchezaji wa mashindano, ujue pia sheria. Marekani, mchezaji wa chuo akipatikana na steroidi mara ya kwanza hupoteza mwaka mzima wa kucheza. Hapa Kenya tuna sheria ya mwaka 2016 ya kupambana na dawa za kututumua misuli, na shirika la ADAK ndilo linalowapima wanamichezo. Ukipatikana, hutasikilizwa ukisema hukujua kilichokuwa ndani ya kopo. Nazo kopo nyingine za unga zimewahi kukutwa na steroidi ambazo hazikuandikwa kwenye kifuniko. Unga unaokuahidi kilo 10 kwa mwezi, uogope. Ama ni uongo, ama ni dawa.

(Muziki mfupi)

Utaniuliza, "Sista, basi kijana akitaka mwili afanyeje?" Swali zuri. Sikatazi mwili. Mwili wenye nguvu ni mali.

Kwanza, chakula. Kijana wa kilo 80 anayefanya mazoezi makali anahitaji kama gramu 130 za protini kwa siku, na anaweza kuzipata bila kopo la maelfu ya shilingi. Mayai matatu yana kama gramu 18. Vikombe vitatu vya maziwa au mala, gramu 24. Vikombe viwili vya maharagwe au ndengu zilizopikwa, gramu 30. Kipande kizuri cha nyama, kuku au samaki cha gramu 150, karibu gramu 40. Hapo tumeshapita 110. Zilizobaki zitatoka kwenye njugu, chapati, githeri na ugali anaokula kila siku. Omena nazo zimejaa protini, tena bei yake haiumizi. Aongeze matunda na mboga za kienyeji, na anywe maji.

Pili, vyuma kwa mpango. Siku tatu au nne kwa wiki zinatosha, akisimamiwa na mtu anayejua, akipandisha uzito kidogo kidogo. Misuli haikui wakati unainua. Hukua wakati umepumzika.

Tatu, usingizi wa saa nane. Kijana anayekesha kwenye simu hadi saa tisa usiku asimlaumu kocha.

Nne, vipimo. Apime uzito na kiuno kila mwisho wa mwezi, aandike kwenye daftari. Presha apimwe angalau kila baada ya miezi mitatu akiwa anaongeza uzito. Kipimo hicho ni cha dakika tano. Akiwa na maumivu ya kifua, kuzimia, moyo kwenda mbio akiwa ametulia, au mkojo wa rangi ya chai isiyo na maziwa baada ya mazoezi, asingoje mwisho wa mwezi. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Na kwenu makocha: mkimwambia kijana aongeze kilo 20, mmwambie pia kwa muda gani, na nani atampima. Kocha anayetaja kilo bila kutaja miezi anamfungulia muuza chupa mlango.

Kijana wetu wa Marekani anaendeleaje? Daktari wa timu alikaa naye pamoja na mtaalamu wa lishe. Wakaiondoa ile milo ya usiku wa manane. Kocha hakufurahi mwanzoni, ikabidi kijana amwonyeshe karatasi ya daktari. Mwezi wa Novemba alikuwa kilo 98, kiuno inchi 35, na presha 126 kwa 80. Hachezi tena mstari wa mbele. Wamempa nafasi ya mtu wa kukimbia na kukaba, nafasi iliyofaa kimo chake tangu mwanzo. Mama alikuja kunionyesha picha mpya. Safari hii aliunyosha mkono mwenyewe nimpime presha, na yake pia ilikuwa imeshuka.

Mpenzi msikilizaji, tukumbushane kwa ufupi. Misuli huja nusu kilo hadi kilo moja kwa mwezi, si zaidi. Pima uzito pamoja na kiuno. Muulize mtoto kabla ya kumshtaki. Presha haichagui umri. Sindano ni ya mtu mmoja, na ya misuli haifai hata kwa mmoja. Na uliyekwisha kuanza, mlango wa kituo cha afya uko wazi.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwili nao hujengwa hivyo hivyo. Kama una swali, lilete kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mimi ni muuguzi wako wa afya ya jamii. Hadi juma lijalo, saa kama hii, nakutakia siku njema na afya njema. Kwaheri.